Kununua gari lililostaafishwa na sheria ya kwao: mwongozo kwa mnunuzi wa Unguja na Pemba

Magari mengi ya mtumba yanayoteremshwa katika bandari ya Malindi hayakuuzwa na wenyewe kwa sababu yameharibika. Yameuzwa kwa sababu sheria ya nchi yalikotoka iliyageuza kuwa mzigo: ama ilimwambia mwenye gari waziwazi kwamba muda wake umekwisha, ama ilimwongezea kodi na gharama za ukaguzi hadi akaona bora aachane nalo. Sisi tunalipokea gari hilo likiwa limeoshwa na kung'arishwa, tunauliza bei, rangi na kilomita, kisha tunalipa. Mwongozo huu unapendekeza swali jengine litangulie yote hayo: gari hili limeondoshwa kwao kwa kanuni gani, na limebakiwa na miaka mingapi ya kutumika katika kisiwa kilichozungukwa na chumvi?

Ijue kanuni iliyoliondosha

Tuanze na Singapore, kwa kuwa huko kanuni iko wazi kuliko kwengine. Tangu mwaka 1990, anayetaka kumiliki gari nchini humo hulazimika kuinunua kwa zabuni hati ya haki ya kumiliki, na hati hiyo hudumu miaka 10 tu. Muda ukitimia, mwenye gari ana njia mbili: kuilipia upya hati kwa miaka 5 au 10 kwa bei ya soko ya wakati huo, au kulifuta gari katika daftari la usajili, yaani livunjwe au lisafirishwe nje. Akilifuta kabla ya mwaka wa kumi kumalizika hurejeshewa sehemu ya kodi ya usajili aliyolipa mwanzo, na akichelewa huikosa. Kwa hivyo gari la miaka 9 kutoka Singapore linaweza kuwa zima kabisa, limefanyiwa sevisi kwa wakati wake, na kosa lake pekee ni kalenda. Ikumbukwe pia kwamba nchi hiyo nzima ni ndogo kuliko Pemba, wanaendesha kushoto kama sisi, na theluji hawaijui. Hata hivyo unyevu wao ni kama wetu, na gari lililokuwa teksi huko limezunguka mchana na usiku, kwa hiyo udogo wa kisiwa usimfanye mtu aamini kwamba kila gari litokalo huko limetembea kidogo.

Japani, ambako ndiko yanakotoka magari mengi tunayoendesha, haina sheria inayosema kwamba gari likifika mwaka fulani lazima life. Inafanya kazi hiyo kwa njia ya gharama. Gari jipya la mtu binafsi hufanyiwa ukaguzi wa lazima, wanaouita shaken, baada ya miaka 3 ya mwanzo, na baada ya hapo kila miaka 2. Gari la petroli likipita miaka 13 kodi yake ya mwaka hupanda kwa takriban asilimia 15, na la dizeli huanza kupandishiwa likipita miaka 11. Mjapani anayekabiliwa na ukaguzi wa gharama na kodi iliyopanda, ilhali gari lenyewe thamani yake imeshashuka, hulipeleka mnadani, na kutoka mnadani ndipo linapoanza safari ya kuja kwetu.

Mnunuzi wa Zanzibar anapata faida mbili akiufahamu mpangilio huo. Ya kwanza ni kwamba atajua kwa nini magari ya miaka 5, 7, 9, 11 na 13 hujitokeza kwa wingi: huo ndio umri ambao ukaguzi unabisha hodi. Ya pili, ambayo mimi naiona kuwa kubwa zaidi, ni kwamba mtu anayeuza gari mwezi mmoja kabla ya ukaguzi hana sababu ya kulitengeneza. Vitu vile vile ambavyo mkaguzi angevikatalia ndivyo alivyoviacha bila ya kuvigusa: matairi yaliyokwisha, pedi za breki, mipira ya ekseli iliyopasuka, shokapu zinazovuja, taa zilizofifia. Basi fundi wako asianze na injini. Mwambie avikague vitu hivyo mwanzo, mpige hesabu ya kuvibadilisha vyote, na hesabu hiyo iingie katika bei ya gari kabla hamjaanza kupatana.

Magari ya haibridi, yaani yanayotumia mafuta pamoja na umeme wa betri, yana kisa chake. Yameondolewa katika ile nyongeza ya kodi ya miaka 13, na matumizi yake ya mafuta ni madogo, kwa hivyo Mjapani ana sababu ya kukaa nayo muda mrefu zaidi. Linapoachwa hatimaye, betri yake kubwa huwa imezeeka pamoja nalo. Anayevutiwa na gari la aina hiyo aisikilize feni ya betri, ambayo katika magari mengi huvuta hewa karibu na kiti cha nyuma, atazame kama tundu lake limezibwa na vumbi, na kabla ya kusifu namna gari lisivyokunywa mafuta, aulize bei ya betri hiyo kwa wauza spea wa hapa hapa mjini.

China inafaa kutajwa kwa sababu ya somo lake, ijapokuwa magari ya huko usukani wake uko kushoto na hayatufai sana. Sheria yao ya mwaka 1997 iliweka ukomo wa miaka 10 kwa magari madogo ya binafsi, mwaka 2000 ukasogezwa hadi miaka 15, na kanuni iliyoanza kutumika mwaka 2013 ikauondoa kabisa ukomo wa miaka kwa magari hayo na badala yake ikaelekeza kwamba gari lililofika kilomita 600,000 listaafishwe. Teksi ndogo, lakini, ziliachiwa ukomo wa miaka 8. Waliotunga kanuni hiyo walikiri jambo ambalo fundi yeyote wa Mwanakwerekwe angewaambia bure, kwamba kazi iliyofanywa na gari huichosha bodi na injini kuliko idadi ya miaka. Nawe ukiletewa gari la miaka 7 lililokuwa teksi na la miaka 11 lililokuwa la mwalimu wa skuli, usikimbilie lile changa.

Kutoka India lipo onyo moja la kukumbuka. Katika mji wa Delhi na maeneo yanayouzunguka, magari ya dizeli yaliyozidi miaka 10 na ya petroli yaliyozidi miaka 15 yalipigwa marufuku barabarani kwa amri iliyothibitishwa na Mahakama Kuu ya Juu ya nchi hiyo mwaka 2018, na mwaka 2025 suala hilo likarudi tena mahakamani. Waliokuwa wamenunua dizeli kwa pesa nyingi waliona thamani ya magari yao ikiporomoka ilhali magari yenyewe yanawaka kwa mpigo mmoja. Sheria ya umri inaweza kuja wakati gari liko tayari uani kwako. Anayenunua gari la kukaa nalo miaka 10 ajiulize ni aina gani ya gari ambayo kanuni za namna hii huanza kuishika, na jibu katika nchi karibu zote limekuwa lile lile: dizeli kongwe na gari la biashara.

Mipaka ya umri ya majirani huathiri bei unayotajiwa

Hata asiyekusudia kutia mguu Mombasa anaguswa na sheria ya Kenya. Kenya haipokei gari la mtumba lililozidi miaka 8, na kwa sababu hiyo wafanyabiashara wa huko hugombania mnadani magari ya miaka 6 na 7, bei ya magari hayo ikapanda, kisha ikashuka pale tu gari linapovuka mstari wa miaka 8 na Wakenya wanapoliacha. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, imeweka mstari wake katika miaka 15. Tanzania Bara haikufunga mlango, lakini imeweka ushuru wa uchakavu ambao huanza gari linapozidi miaka 8 na kuongezeka zaidi linapozidi miaka 10.

Mtu mwenye subira anaweza kuitumia mistari hiyo kama mvuvi anavyoutumia mkondo. Gari lililovuka mwaka wa nane kwa miezi mitatu ni gari lile lile lililokuwa ghali miezi minne iliyopita. Kilichobadilika ni idadi ya wanaoligombania. Anayenunua kwa ajili ya kulitumia mwenyewe hapa visiwani, bila ya nia ya kuliuza nje, anaweza kunufaika kwa kusubiri livuke. Kwa upande mwengine, anayetarajia kuja kuliuza Bara baada ya miaka michache ajue kwamba gari lenye namba ya Z haliwi la Bara kwa kulivusha melini tu, na kwamba umri litakaokuwa nao siku ya kuvuka unaweza kulitia katika malipo ambayo hakuyatarajia. Kabla ya kuagiza, nenda ofisi ya mapato ukiwa na mwaka wa kutengenezwa na ukubwa wa injini umeandikwa kwenye karatasi, na uombe ukadiriwe malipo yote. Usitegemee hesabu ya jamaa yako aliyeleta gari mwaka juzi. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki kwa magari ni asilimia 25 ya thamani ikijumlishwa na nauli ya meli na bima, na juu yake huja tozo nyengine ambazo hubadilika bajeti inaposomwa.

Hesabu bei ya mwaka mmoja

Huku kwetu gari la miaka 20 si kioja, na njia ya shamba imejaa magari yaliyozidi hapo. Mimi hutumia kipimo changu cha miaka 20 tangu kutengenezwa, si kwa sababu kimeandikwa popote, bali kwa sababu baada ya hapo bodi huanza kula pesa kuliko tangi la mafuta. Tuseme unaletewa magari mawili ya aina moja. La kwanza lina miaka 11 na linauzwa shilingi milioni 14. La pili lina miaka 8 na linauzwa milioni 19. Wengi watachukua la kwanza na kushukuru kwamba wameokoa milioni 5. Igawe basi bei kwa miaka iliyobaki hadi 20: la kwanza limebakiwa na miaka 9, kwa hiyo kila mwaka wa kulitumia unakugharimu kama shilingi milioni 1 na laki 5 na nusu, la pili limebakiwa na miaka 12, na kila mwaka ni kama milioni 1 na laki 6. Tofauti ni ndogo mno, na sasa unaweza kuamua kwa mambo mengine, kama vile pesa uliyonayo mkononi leo.

Hesabu hiyo hugeuka pale kutu inapoingia. Chukua lile gari la miaka 11 na useme liliishi Hokkaido au kaskazini mwa Honshu, sehemu za Japani zenye baridi kali, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi ili kuyeyusha barafu. Sehemu zake za chini zimekuja zikiwa zimeanza kuliwa, na upepo wa bahari yetu utaimalizia kazi hiyo, kwa hiyo badala ya miaka 9 upate 6. Bei yake ya mwaka inaruka hadi zaidi ya milioni 2 na laki 3, na hapo hujamlipa fundi wa kuchomea. Gari la bei rahisi limekuwa ghali kuliko mwenzake, na hakuna kitu juu ya bodi yake iliyong'arishwa kinachokwambia hivyo.

Lala chini ya gari

Siku moja nilifuatana na jirani yangu kwenda Fuoni kutazama Toyota Noah la miaka 12 alilotaka kuliweka katika kazi ya kuchukua wageni uwanja wa ndege. Rangi ilikuwa inang'ara, viti vimefunikwa nailoni, na dalali aliwasha injini mara tatu ili tusikie ilivyotulia. Fundi wetu, kijana wa Jang'ombe, hakuifungua hata boneti. Alitandika boksi, akalala chali, akaanza kugonga kwa mpini wa bisibisi kuanzia chini ya mlango wa dereva kuelekea gurudumu la nyuma. Ngo, ngo, ngo, sauti ya bati zima. Kisha, karibu na gurudumu, sauti ikafa kama anayegonga boflo. Akaigeuza bisibisi, akasukuma kwa ncha, ikazama hadi mpini, na unga mwekundu uliochanganyika na puti ukammwagikia kifuani. Alipotoka alijipangusa, akamwambia jirani yangu, "Ami, injini hii itaishi kuliko nyumba yake." Dalali akasema hilo ni jambo la kuchomea nusu siku tu. Tuliondoka.

Sehemu za kugonga ni chache na hazihitaji utaalamu: chini ya milango yote, ukingo wa ndani wa gurudumu la nyuma, sakafu ya buti ukiinua tairi la akiba, vikombe vya shokapu ndani ya boneti, na mahali ambapo mikono ya gurudumu imefungwa kwenye fremu. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini ya gari, nzito na bado inanukia, ni sababu ya kugonga zaidi. Kutu iliyo juu juu kwenye bomba la moshi isikutishe, kwani kila gari inayo. Ukigundua tundu katika vikombe vya shokapu au katika fremu, usipatane bei. Ondoka, maana hapo ndipo gari linapobeba uzito wake wote.

Soma karatasi kabla ya kusikiliza maneno

Gari la Japani huja na cheti cha kufutiwa usajili kwa ajili ya kusafirishwa, na ndani yake mna mwezi na mwaka wa usajili wa kwanza. Huo si mwaka wa kutengenezwa, ingawa mara nyingi inakaribiana. Mwaka wa kutengenezwa hupatikana kwa kuitafuta namba ya chesisi katika orodha za mtengenezaji, na tofauti ya miezi miwili ya mwisho wa mwaka inaweza kulisogeza gari upande wa pili wa mstari wa ushuru wa uchakavu. Ilinganishe namba iliyopigwa kwenye bati na iliyoandikwa katika karatasi, tarakimu kwa tarakimu, wala usiachie dalali akusomee.

Karatasi ya mnada, yaani ripoti ya waliolikagua gari mnadani, kama ipo, ina thamani kuliko maneno ya muuzaji. Daraja huandikwa kwa namba: 4 au 4.5 ni gari zuri, 3.5 ni la kawaida, na R maana yake ni kwamba lilipata ajali au liliwahi kutengenezwa katika mifupa yake. Kwenye mchoro wa gari, herufi A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni mahali palipowahi kunyooshwa, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Herufi ambazo mnunuzi wa Zanzibar anapaswa kuzitafuta kwa tochi ni S na C: ya kwanza ni kutu, ya pili ni kutu iliyokwisha kulila bati. Gari la daraja 4 lenye mikwaruzo kumi midogo (A1) lina maisha marefu hapa kuliko gari lisilo na mkwaruzo hata mmoja lakini lina C moja chini ya sakafu. Kilomita zilizoandikwa katika karatasi hiyo zilinganishwe na za mita ya gari. Za mita zikiwa chache kuliko za karatasi, maongezi yamekwisha.

Panga mwisho wake siku unayolinunua

Ukishalinunua, miaka iliyobaki iko mikononi mwako. Lioshe chini kwa maji baridi kila linapopita mchangani au kwenye maji ya bahari, zibua vitundu vya kutolea maji vilivyo chini ya milango, ambavyo huzibwa na majani na udongo, na umwombe fundi alipake chini mafuta mazito ya kuzuia kutu kabla ya masika. Ni gharama ndogo, na ndiyo inayorefusha ile hesabu ya kugawa.

Tangu Januari 2005 Mjapani hulipia kuvunjwa kwa gari lake mapema, anapolinunua: ada ya mifuko ya hewa, ya gesi ya kiyoyozi na ya mabaki yanayosagwa. Gari likisafirishwa nje, ada hiyo hurejeshewa aliyelisafirisha. Maana yake ni kwamba gari linapoteremka Malindi, ule mfuko wa mazishi yake umeshatolewa, na anayeyarithi mazishi ni wewe. Weka basi kidogo kidogo, na ujue thamani ya maiti: injini na giaboksi za magari yaliyozoeleka kama IST na Noah huuzika hata bodi ikiwa imekwisha, milango mizima na taa pia, na kinachobaki huenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu kwa uzito. Kuliuza vipande vipande wakati injini bado inawaka kunalipa zaidi kuliko kuliacha chini ya mwembe hadi panya waingie. Toa taarifa katika ofisi ya usajili ili namba ifutwe na jina lako liondoke katika gari ambalo halipo tena. Oili, maji ya betri na mafuta yaliyobaki katika tangi yatolewe mwanzo na yatiwe katika madumu yenye vifuniko, kwani sehemu kubwa ya ardhi yetu ni jiwe la matumbawe lenye matundu, na maji tunayochota visimani yako chini yake.